Joto la Mzee Ahadi

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Mama Uvujaji alimgeuza baba yake ubavu. Alivaa glavu nene za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea, akaingiza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akasema "haya, baba," na Mzee akageuka. Mama yake alisimama upande wa pili wa kitanda akiwa na ndoo ya maji na kitambaa. Kitambaa kilipogusa mgongo kilichachatika, na mvuke ukapanda hadi darini, ambako rangi ilikuwa imebambuka siku nyingi.

"Leo kali kidogo," Mzee akasema.

"Wameuongeza mtambo nguvu jana."

"Mmeshaziba?"

"Bado, baba."

"Haya. Nenda kazini, usichelewe."

Mzee alikuwa amekufa miaka kadhaa kabla ya hapo. Moyo wake ulisimama mezani, mchana, alipokuwa anamenya chungwa. Daktari aliitwa, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akaangalia saa yake na kutoa kalamu. Alikuwa ameshaandika jina na tarehe pale marehemu alipofumbua macho na kuuliza kama wameshaziba. Daktari akairudisha kalamu mfukoni. "Huyu bado ana jambo lake," akamwambia mke wa marehemu. "Akilimaliza mniite." Akachukua kipande kimoja cha lile chungwa, kwa kuwa lilikuwa limeshamenywa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jambo lenyewe lilikuwa la kazini. Mzee alikuwa mkuu wa mtambo wa Taasisi. Mtambo huo ni handaki la mviringo lililochimbwa chini ya mji, refu kiasi kwamba mafundi wake hupita kwa baiskeli, na ndani yake wanasayansi hugonganisha chembe zisizoonekana ili wajue dunia ilianzaje. Mahali zinapogongana pamewekwa vigunduzi, mapipa ya chuma makubwa kama jengo la ghorofa, na ndani ya mapipa mna gesi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ukivuta pumzi moja sauti inakuwa nzito kama ya fahali, na vijana wapya hufanyiwa mzaha huo siku ya kwanza. Lakini ikitoka nje inakaa angani vizazi na vizazi ikishikilia joto, na mtungi wake mmoja unafanya kazi ya moshi wa malori ya barabara nzima. Mabomba yalikuwa yamezeeka. Yalikuwa na nyufa ndani kabisa, mahali mkono usipofika, na gesi ilikuwa inavuja mchana na usiku.

Binti wa Mzee alikuwa mhandisi wa kuifuatilia gesi hiyo, na wenzake wakampa jina la Mama Uvujaji. Kwenye mlango wa ofisi yake palibandikwa methali ya yule asiyeziba ufa ambaye atajenga ukuta. Aliyeibandika ndiye aliyekuwa anamnyima gundi ya kuzibia nyufa kila mwaka.

Chumba cha kuongozea mtambo kilikuwa na desturi yake ya tangu enzi za waanzilishi. Humo karatasi haikuwa na kazi. Mtu akifunga vali ya bomba alisema kwa mdomo, "Nimefunga, nathibitisha." Mwenzake aliiangalia geji ya kupimia gesi kwa macho yake mwenyewe, na akiridhika ndipo alipolirudia neno lile lile. Neno likishasemwa na kurudiwa, mtambo mzima ulilifuata. Hakuna aliyeilinda desturi hiyo kama Mzee. Hata nyumbani, mkewe akisema mboga imetiwa chumvi, Mzee alionja kwanza, kisha akasema, "Imetiwa chumvi, nathibitisha." Mkewe alimvumilia, maana wapo wanaume wenye tabia mbaya zaidi.

Basi siku Taasisi ilipotangaza ahadi yake ya kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, Mzee, wakati huo akiwa bado hai, alikaribishwa jukwaani na kupewa hotuba iliyoandikwa na Msemaji. Hotuba ilisema kwamba Taasisi inakusudia kuelekea katika jitihada za kupunguza. Mzee alisoma mstari mmoja, akavua miwani, akaiweka karatasi pembeni.

"Mimi siingii kaburini kabla mtambo huu haujaacha kuvuja," akasema. "Nathibitisha."

Ukumbi mzima, kwa mazoea, ukaitikia: "Tunathibitisha." Makofi yakapigwa. Msemaji hakupenda karatasi yake kuwekwa pembeni, lakini alijua maneno mazuri akiyasikia, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshayachapisha kwenye vikombe vya chai. Kila mfanyakazi alipewa viwili. Watu wakaanza kumwita Mzee Ahadi. Ahadi ni deni, wahenga walisema, na nyumbani kwao deni hilo lilikuwa limelala sebuleni.

Mtambo ukifanya kazi, Mzee alipata joto. Ukiongezwa nguvu, liliongezeka. Kitanda cha mbao kilianza kuungua pembeni, kikaletwa cha chuma, na mahali pa godoro pakatandikwa turubai lisiloshika moto ambalo binti yake aliliazima kwenye karakana ya Taasisi na ambalo mtunza stoo hakuchoka kumdai. Msimu wa baridi paka wa mtaa mzima walilala chini ya kitanda hicho. Wakati wa mvua jirani mmoja alikuja na beseni la nepi mbichi, akaomba kwa heshima kuzianika pale sebuleni, na Mama, mke wa Mzee, hakumnyima.

Waliokuja kumwona walidhani haumwi, kwa sababu halii. Mama Uvujaji alijua. Maumivu yalipozidi, Mzee alifumba macho na kuanza kutaja vali za mtambo moja baada ya nyingine, kwa namba na mahali zilipo, kama alivyofundishwa akiwa kijana ili mtu asipoteze kichwa wakati wa hatari. "Vali ya kwanza, lango la kaskazini, imefungwa. Vali ya pili, lango la kaskazini, imefungwa." Alipofika ya mwisho alianza upya. Binti yake aliisikia sauti hiyo kupitia ukuta mpaka usingizi ulipomchukua. Zipo siku alizojifunika mto masikioni, na siku hizo alijichukia.

Taasisi haikumtupa. Ilimpa cheo cha Balozi wa Ahadi, kisicho na mshahara, na kila mwaka Mkurugenzi mwenyewe alikuja na kapu la matunda, akakaa mbali kidogo na kitanda na kulegeza tai. Waliongea habari za zamani. Matunda yalikuwa yameshasinyaa kabla mgeni hajaaga.

Kisha yakaja Mapumziko Makuu. Mtambo nao huchoka, na kila baada ya miaka michache huzimwa kwa muda mrefu ufanyiwe matengenezo. Mama Uvujaji alikuwa amepigana kikao hadi kikao ili safari hii vigunduzi vifunguliwe tabaka kwa tabaka na nyufa zizibwe. Wanasayansi walinung'unika. Kazi hiyo ingekula mapumziko yote na kupitiliza, na huko ng'ambo kulikuwa na wenzao waliokuwa wanaitafuta chembe moja isiyowahi kuonekana, ile ile wanayoitafuta wao; atakayeiona kwanza ndiye atakayeandikwa vitabuni. Mwishowe walikubali, kwa kuwa mtu aliyekuwa anaungua sebuleni ndiye aliyewafundisha kazi. Gundi ikaagizwa. Boliti za kwanza zikafunguliwa.

Gesi ilipovutwa na kurudishwa kwenye matangi, Mzee alipoa. Mama ndiye aliyegundua. Alipitisha kitambaa mgongoni na maji yakateleza tu, yakalowesha turubai. Alivua glavu, akamgusa mumewe kwa kiganja kitupu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya chungwa. Akakaa kitandani, akauchukua mkono wa mumewe na kuuweka shavuni, akalia kwa furaha bila kujificha. Mzee alikuwa amelala. Hakuuliza kitu. Kesho yake pia alilala, na keshokutwa, na nyumba ikawa kimya hivi kwamba walisikia bomba la jikoni likidondoka.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Msemaji aliingia ofisini kwa Mama Uvujaji bila kubisha hodi. Uso ulimng'aa.

"Dada, tumevuka lengo," akasema. "Gesi tuliyovujisha mwaka huu haifiki hata nusu ya kiasi tulichoahidi. Tena shujaa ni wewe."

"Haijavuja kwa sababu mtambo umezimwa."

"Sawa, lakini haijavuja."

"Mtu akilala hali. Utatangaza kwamba ameacha kula?"

Msemaji alicheka kwa dhati. Alikuwa mtu wa kufurahia maneno, hata yanayompinga. "Hiyo nzuri," akasema. "Sitaiandika, lakini nzuri. Mkurugenzi anakuita."

Mkurugenzi alimkaribisha kiti na kumweleza kwa upole. Ahadi iliyoandikwa ya Taasisi ilitaja kiasi cha kuvuja "kwa mwaka". Haikusema mtambo uwe umewashwa. Mwaka ulikuwa ni huu, na hesabu ilikuwa ni hii. Ahadi ikitangazwa kuwa imetimia, hakutakuwa na sababu ya kukaa bure kwa ajili ya nyufa. Vigunduzi vitafungwa, mtambo utawashwa mapema, na wale wa ng'ambo watakuta wenzao wameshafika.

"Na nyufa?" Mama Uvujaji akauliza.

"Tutaziba Mapumziko yajayo."

"Mapumziko yaliyopita mlisema hivyo hivyo."

"Kwa hiyo unaona tuna msimamo." Mkurugenzi akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Kwa desturi tunahitaji neno lako, mhandisi. Mwenye geji ni wewe. Bila wewe hakuna wa kuthibitisha." Alinyoosha kalamu zilizokuwa mezani mpaka zikalala sambamba. "Halafu kuna mzee wetu. Alisema haingii kaburini kabla mtambo haujaacha kuvuja. Sasa umeacha. Ukilisema wewe, kwa kinywa chako, atazuiwa na nini?"

Hilo Mama Uvujaji hakuwa amelifikiria, na tangu lilipotamkwa hakuweza kufikiria lingine. Jioni alimweleza mama yake, wakiwa wamekaa pande mbili za kitanda.

"Sema tu, mwanangu," Mama akasema.

"Si kweli, mama. Wakiuwasha utavuja vile vile."

"Mimi habari za kuvuja sizijui. Ninayemjua ni baba yako. Maisha yake yote alikuwa wa mtambo. Siku ulipozaliwa alikuwa mtamboni. Alikuja umeshaogeshwa, umeshavalishwa, umeshalala. Sikununa. Sasa hata kufa kwake kuwe kwa mtambo? Mwache aende akiwa amepoa hivi. Tangu nianze kuishi na nyinyi, mimi nimewaomba nini?"

Kweli hakuwahi kuomba. Mama Uvujaji alimtikisa baba yake bega. "Baba. Baba, niseme?" Mzee, aliyewafundisha wote kuthibitisha, alikuwa amelala fofofo na midomo imefunguka kidogo kama mtoto. Binti yake alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa amemwona akipumzika tangu siku ya chungwa, na alijua hatapata nafasi nyingine ya kumwona hivyo. Huruma ilimshinda nguvu.

Kesho yake alisimama mbele ya kikao, ndani ya chumba cha kuongozea. Geji kubwa ilikuwa ukutani na sindano yake imelala kwenye sifuri. Geji haikudanganya. Haikuwa na la kusema, basi.

"Mtambo hauvuji," Mama Uvujaji akasema. "Nathibitisha."

Aliyepaswa kurudia alitakiwa aiangalie geji kwanza. Mkurugenzi aliangalia saa, kwa kuwa waandishi wa habari walikuwa wanasubiri ukumbini. "Hauvuji," akasema. "Nathibitisha."

Nyumbani, Mama alikuwa amefungua redio karibu na kitanda. Mtangazaji alipofika mahali pa kusema ahadi imetimia, Mzee alishusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu siku ya chungwa, na uso ukamlegea. Mama alizima redio ili asisumbuliwe na matangazo ya biashara. Daktari alikuja jioni na ile karatasi ya zamani ambayo tayari ilikuwa na jina. Alikata tarehe, akaandika nyingine juu yake, akatia sahihi, na kuwapa mkono wafiwa.

Walimzika asubuhi yenye ukungu. Taasisi ilileta shada la maua la mviringo mfano wa handaki, na Mkurugenzi alisema kwamba wapo wanaotoa ahadi na wapo wanaozitimiza. Mtunza stoo alikuja mazishini, akalia kwa uchungu wa kweli, na baadaye akaenda nyumbani kuchukua turubai lake. Mama Uvujaji alishangaa jinsi mwili wake mwenyewe ulivyokuwa mwepesi. Alikula, akalala, akaamka akala tena. Alikuwa na furaha, na aliionea aibu, lakini hakuirudisha.

Vigunduzi vilifungwa na nyufa zake ndani. Gundi ilibaki stoo ndani ya maboksi.

Siku ya kuwasha, chumba cha kuongozea kilijaa watu hadi mlangoni. Soda zilifunguliwa. Mkurugenzi alibonyeza kitufe, na macho yote yakaelekea kwenye skrini kusubiri chembe za kwanza zigongane. Mama Uvujaji peke yake alikuwa ameugeukia ukuta wa geji. Sindano ilitikisika, ikasimama, ikaanza kupanda. Mabomba yaliyokaa baridi muda wote ule yalikuwa yamesinyaa kidogo, na nyufa zilikuwa zimepanuka.

"Unavuja," akasema kwa sauti. "Nathibitisha."

Hakuna aliyerudia. Wakati huo huo chembe ziligongana kwenye skrini, cheche ndogo ya kijani, na watu wakakumbatiana.

Simu ya mtunza makaburi ilikuja siku iliyofuata, asubuhi.

"Mama, njoo umwone mzee wako," akasema. "Mbwa wamemlalia. Ningewafukuza, lakini kwa baridi hii nawaonea huruma."

Mama Uvujaji alikuta nyasi za juu ya kaburi zimekuwa njano na shada la Taasisi limebaki waya. Udongo ulikuwa umepasuka kama wa bwawa lililokauka. Mbwa wa makaburini walikuwa wamejinyoosha juu yake ubavu kwa ubavu, wanakoroma. Aliwasogeza, akapiga magoti na kuweka kiganja chini. Alikiondoa haraka. Kisha akainamisha sikio mpaka alipoweza kuvumilia, na kutoka chini akaisikia sauti.

"Lango la mashariki, imefungwa. Vali inayofuata, lango la mashariki, imefungwa..."

"Baba."

Sauti ikakatika. "Mmeshaziba?"

"Bado, baba."

Mzee aliposema tena hapakuwa na lawama katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama.

"Mmeniwahisha, mwanangu," akasema. "Huku hapapiti upepo."

Mama Uvujaji alikaa kitako juu ya udongo wenye moto, akalia mpaka sketi ilipoanza kunuka kuungua. Mtunza makaburi alimletea ndoo ya maji na kuondoka.

Mkurugenzi alikuja mchana huo huo pamoja na Msemaji. Aliwaita kwa simu, nao hawakupinga. Mkurugenzi alichuchumaa, akagusa udongo upesi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima pasi, akasimama na kupangusa mkono.

"Ni kweli," akasema. "Ana joto."

"Uzimwe," Mama Uvujaji akasema. "Uzimwe leo. Gundi ipo stoo, mafundi wapo. Tufungue, tuzibe, tumalize."

"Tukizima tutasema nini? Tumeshatangaza kwamba hauvuji."

"Tuseme unavuja."

"Mhandisi," Mkurugenzi akasema kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, "chembe ile tumeikaribia. Vijana wako hawalali. Nikazime kwa ajili ya mtu mmoja, tena aliyezikwa?"

Msemaji alikuwa amekodolea macho waya wa shada. Safari hii hakuwa na neno zuri. Ndipo Mkurugenzi akasema kwamba Taasisi haiwezi kukaa bila kufanya kitu. Itapanda miti kulizunguka kaburi, ili mzee apate kivuli. Wiki hiyo hiyo miche ililetwa, ikapandwa kwa mstari mbele ya kamera. Ilikauka kuanzia mizizini. Watunza bustani waliing'oa, wakapanda mingine, nayo ikakauka, na mpaka leo bado wanakuja kila baada ya miezi mitatu na gari la miche. Katika taarifa za Taasisi huhesabiwa ile iliyopandwa.

Ilibaki njia moja, kumfukua, wamrudishe sebuleni ambako angalau kuna dirisha. Mama Uvujaji na mama yake walikwenda ofisi ya vibali. Karani aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Shida yenu naielewa," akasema. "Lakini huyu ana cheti cha kifo. Aliapa haingii kaburini kabla ya jambo fulani, ameingia, maana yake jambo hilo limekwisha. Nikimtoa nitakuwa nasema halijakwisha. Hilo waliseme wenyewe Taasisi."

Taasisi ilijibu kwamba jambo hilo lilithibitishwa kikaoni kwa mujibu wa desturi. Karani aliisoma barua, akainua macho.

"Aliyethibitisha ni nani?"

"Mimi," Mama Uvujaji akasema.

Karani aliwahurumia, akawasindikiza hadi mlangoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Walikwenda nyumbani kwa miguu, mama amemshika mkono bintiye kama zamani alipokuwa anampeleka shule, na njia nzima Mama alisema jambo moja tu, kwamba kosa lilikuwa lake yeye aliyeomba. Binti yake hakukubali, lakini pia hakuweza kubisha vizuri.

Chembe haikuonekana mwaka huo, wala ng'ambo haikuonekana. Taasisi ilitangaza ahadi mpya, kubwa kuliko ya kwanza, ya mwaka wa mbali zaidi. Ukumbi ulijaa. Wazungumzaji walipanda mmoja mmoja, na kila mmoja alishika karatasi yake kwa mikono miwili, akasoma kwamba Taasisi inakusudia kuelekea katika jitihada. Hakuna aliyevua miwani. Msemaji alikaa mstari wa mbele, ameweka mikono magotini, akiangalia kila karatasi mpaka iliposhuka jukwaani salama. Watu walipiga makofi. Vikombe vipya viligawiwa, na safari hii vilichorwa jani tu.

Mama Uvujaji hakuacha kazi. Waliomuuliza kwa nini aliwajibu kwamba anayejua ufa ulipo akiondoka, atabaki nani. Kila kikao anaomba maboksi ya gundi yatoke stoo, na kila kikao anaambiwa Mapumziko yajayo. Kila siku anaisoma geji kwa sauti na kusema "nathibitisha," na kusubiri kidogo, kabla ya kwenda kula.

Jumapili mchana huenda makaburini na mama yake. Hubeba ndoo za maji, wakayamwaga taratibu kuanzia kichwani hadi miguuni, na mvuke ukipungua hukaa kwenye viti walivyotoka navyo nyumbani. Mama hubeba pia birika na vikombe viwili vya zamani, vyenye maneno ya mumewe. Siku za kwanza aliona vibaya. Sasa huliweka birika juu ya udongo, upande wa kifuani, ambako joto ni kali zaidi, na mbwa hupisha.

Jumapili moja ya baridi walikuwa wamekaa hivyo. Chini Mzee alikuwa anataja vali kwa sauti iliyokwaruza kuliko wiki iliyopita. Mama alisikiliza mpaka uvumilivu ulipomwisha.

"Mwambie mmeziba," akanong'ona. "Mwambie tu. Pengine atalala."

"Mama."

"Mwambie."

Mama Uvujaji aliinama.

"Baba."

Vali zikakatika. "Mmeshaziba?"

"Tumeziba, baba," akasema. "Tumeziba, nathibitisha."

Pakawa kimya. Mbwa mmoja aliinua kichwa. Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Kimya kiliendelea, na Mama Uvujaji alijua ni kimya gani, kwa kuwa alikuwa amekisikia maisha yake yote, chumba cha kuongozea na hata mezani nyumbani. Ndicho kimya cha mtu wa pili, anapoiangalia geji kabla hajalirudia neno.

Halafu Mzee akaanza tena, polepole, kuanzia vali ya kwanza ya lango la kaskazini.

Maji yalikuwa yameshachemka. Mama akaliondoa birika, akamimina chai.